Mwangwi, Wavu na Sindano: Historia ya Picha ya Tezi Dume na Msamiati wake katika Mwambao wa Rumonge

Katika Kiswahili cha leo husikika kauli "mzee ana tezi dume". Kila mwanamume anayo tangu kuzaliwa, lakini jina la kiungo limekuwa jina la maradhi. Makala hii inachunguza jinsi jina hilo lilivyokutana na kipimo cha picha, na kwa nini mkutano huo unaweza kumpotosha mgonjwa.

Kiswahili kilienea katika mwambao wa Burundi pamoja na biashara ya Ujiji katika karne ya 19. Udaktari, kwa upande mwingine, ulifundishwa nchini kwa Kifaransa. Ndiyo maana kipimo kinachoitwa ultrasaundi Kigoma, kwa daktari wa Burundi ni ekografi. Tofauti za namna hii si ngeni ziwani: mgebuka wa Kigoma ni mukeke wa Rumonge, na dagaa ni ndagala. Baada ya mauaji ya 1972, yaliyougusa ukanda wa Rumonge na Nyanza-Lac tangu siku za mwanzo, maelfu ya watu walikimbilia Tanzania na wengi waliishi huko kwa miongo kadhaa. Kwa maoni yangu, waliorejea ni wapitishaji muhimu wa istilahi za Kitanzania kuliko kamusi yoyote.

Chombo chenyewe kilianzia majini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Paul Langevin wa Ufaransa alitumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio kutafuta nyambizi. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za tumbo zilizopatikana kwa njia hiyo. Huko Japani, Hiroki Watanabe alitengeneza kiti maalumu: mgonjwa aliketi, na kifaa cha kutoa sauti kikapitishwa katika njia ya haja kubwa, iliyo jirani kabisa na tezi. Mwangwi uliorudi ukachora umbo lake.

Ziwa Tanganyika nalo limepimwa kwa mwangwi. Katika miaka ya 1990 mradi wa FAO uliofadhiliwa na Finland, wenye makao yake Bujumbura, uliitumia meli ya Tanganyika Explorer kukadiria wingi wa samaki. Mwangwi ulionyesha kundi lilipo, lakini aina ya samaki ilithibitishwa na wavu.

Hali ni hiyohiyo katika tezi. Saratani huweza kuonekana kama doa jeusi, lakini si kila doa ni saratani, na saratani nyingine hazitoi doa lolote. Mwaka 1989 Hodge, McNeal na Stamey wa Stanford walionyesha kwamba kuchukua vinyama sita kwa mpangilio kutoka pande zote mbili za tezi, sindano ikiongozwa na picha, kuligundua saratani ambazo sindano iliyolenga madoa peke yake ilizikosa. Picha, basi, ilipata kazi ya kuonyesha njia. Uamuzi ulibaki kwa kinyama kilichowekwa chini ya hadubini.

Hapa ndipo lugha inapoponza. Kwa mabaharia wa pwani, tezi pia ni nyuma ya chombo, na hakuna anayechanganya maana hizo mbili, kwani muktadha huzitenganisha. Lakini muktadha wa chumba cha daktari hautenganishi tezi yenyewe, tezi iliyovimba kwa uzee na tezi yenye saratani. Uvimbe wa uzee hubana njia ya mkojo na kumsumbua mtu usiku kucha. Saratani mara nyingi huanzia sehemu ya nje ya tezi, ikakaa kimya kwa muda mrefu. Mzee anayeambiwa "picha ya tezi dume ni nzuri" anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba saratani imeondolewa shaka, ilhali kilichopimwa ni ukubwa tu, pengine kwa kifaa kilichopitishwa juu ya tumbo, bila kipimo cha damu cha PSA wala kidole cha daktari.

Napendekeza kauli tatu zisibadilishane: uvimbe wa tezi dume, saratani ya tezi dume, na picha ya tezi dume. Kuhusu ekografi na ultrasaundi sina ugomvi. Wavuvi wamekwisha kutufundisha kuishi na mukeke na mgebuka.