Jioni za Chaneli Moja: Historia ya Kumbukumbu za Runinga Kitengela na Kajiado

Kumbukumbu za vipindi vya runinga vya zamani, ambazo aghalabu huchukuliwa kuwa mazungumzo ya kupitishia wakati, ni sehemu ya historia ya jamii, na katika Kaunti ya Kajiado, hasa mjini Kitengela, zinastahili kuandikwa kwa uzito uleule unaopewa historia ya ardhi, reli na ufugaji. Sababu yake iko katika namna mji wenyewe ulivyozaliwa. Ardhi ya Kitengela ilikuwa ranchi ya kikundi, yaani eneo la malisho lililosajiliwa kwa jina la jamii ya wafugaji wa Kimaasai chini ya sheria ya mwaka 1968, na ilipogawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988, kisha viwanda vya EPZ, yaani eneo lililotengewa utengenezaji wa bidhaa za kuuzwa nje ya nchi, vikaanza kujengwa Athi River katika miaka ya 1990, kituo kidogo cha biashara cha Noonkopir kilifurika watu kutoka kila upande wa Kenya. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi wapatao 58,000, na ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 154,000. Watu hao walitoka Kakamega, Kisii, Murang'a, Machakos, Siaya na kwingineko, wakiwa na lugha tofauti, vyakula tofauti na masimulizi tofauti ya utotoni, lakini wengi wa waliozaliwa kabla ya miaka ya 1990 walifika na kitu kimoja walichokuwa wamekipata wote bila kujuana: jioni walizozipitisha mbele ya chaneli ileile moja.

Chaneli hiyo ilianza mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), na mtambo wake wa kwanza wa kurushia matangazo uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, ukiwa na uwezo wa kufikia umbali wa takriban kilomita 24 tu. Kwa kipimo hicho, tambarare za Kaputiei ambako Kitengela ipo, pamoja na Isinya na mji wa Kajiado, zilikuwa mbali nje ya mawimbi hayo, na runinga ilibaki kuwa mali ya Nairobi na viunga vyake. Mwaka 1964 serikali ilitaifisha shirika hilo na kuliita Sauti ya Kenya, jina ambalo wazee wengi bado hulitumia kwa kifupi chake cha Kiingereza, VOK, na mwaka 1970 kituo cha pili cha runinga kikafunguliwa Mombasa. Jina la KBC lilirejeshwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1989. Katika miaka hiyo yote matangazo yaliendeshwa kwa saa chache, zaidi jioni, taarifa ya habari ya Kiswahili ikisomwa saa moja na ile ya Kiingereza saa tatu, na kabla ya usiku wa manane wimbo wa taifa ulipigwa na kioo kikabaki na chengachenga, yaani vile vidoa vyeupe na vyeusi vinavyocheza pasipo na picha.

Hata baadaye, kupanuka kwa mawimbi hakukutosha kuifikisha runinga Kajiado, kwa kuwa nguzo za umeme ziliifuata barabara ya Namanga na kuacha maboma, yaani makazi ya wafugaji yaliyozungushiwa ua wa miiba, gizani. Kilichoziba pengo hilo ni vifaa vitatu ambavyo mwanahistoria wa utamaduni hana budi kuvitaja pamoja: runinga ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe ya inchi 14, ambayo ile ya Kichina ya Great Wall ndiyo inayokumbukwa zaidi, betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa na kurudishwa kwa baiskeli, kwa punda au kwa matatu, na baadaye paneli ndogo ya sola. Watafiti waliochunguza soko la sola nchini Kenya wamebainisha jambo ambalo wapangaji wa maendeleo hawakulitarajia, kwamba familia za mashambani zilizonunua paneli za wati 12 au 14 katika miaka ya 1990, kwa fedha zao wenyewe na bila ruzuku, mara nyingi zilisukumwa zaidi na hamu ya kutazama runinga kuliko haja ya taa. Kwa maneno mengine, teknolojia ambayo leo inasifiwa duniani kama suluhisho la nishati safi iliingia vijijini ikiwa imebebwa na hamu ya kutazama vichekesho, na hilo halipunguzi heshima yake hata kidogo.

Betri iliyochajiwa kwa fedha haikutumiwa ovyo. Nguvu yake ilihifadhiwa kwa ajili ya kipindi kinachopendwa na taarifa ya habari, majirani wakaalikwa au wakajialika, mtoto mmoja akatumwa nje kugeuza antena hadi sauti kutoka ndani imwambie picha imekaa sawa, na kilichoonwa kikarudiwa kwa maneno na kwa kuigizwa kesho yake shuleni, kisimani na machungani na wale waliobahatika kukiona kwa ajili ya wale waliokikosa. Hali hii ya kutazama kwa pamoja ndiyo inayoeleza kwa nini shabiki wa leo anapokumbuka kipindi hukumbuka pia nani alikuwa amekaa wapi, na kwa nini kumbukumbu hizo ni za jamii nzima na si za mtu mmoja.

Miongoni mwa vipindi vyote, viwili vina nafasi ya pekee: Vitimbi, mchezo wa vichekesho kuhusu visa vya familia na majirani, na Vioja Mahakamani, ambao humweka mshtakiwa kizimbani, mbele ya hakimu na kiongozi wa mashtaka, ajitetee kwa hoja zinazozidi kumtia matatani. Nguvu ya vipindi hivi ilikuwa Kiswahili chake, na si Kiswahili cha vitabuni, bali kile kinachosikika kituo cha matatu, ambamo kila mzungumzaji huja na lafudhi ya lugha yake ya mama, yaani namna ya kutamka inayomtambulisha alikotoka. Mhusika Ondiek Nyuka Kwota alizungumza kwa matamshi ya Kijaluo, Makokha kwa ya Kiluhya, Masanduku arap Simiti kwa ya Kikalenjin, na kila mmoja alieleweka na wote. Mfano mkubwa zaidi ni wa Mzee Ojwang, aliyeigizwa na Benson Wanjau. Mwigizaji huyo alikuwa Mkikuyu, lakini kwa miongo kadhaa aliishi kwenye kioo akiwa mzee wa Kijaluo kwa usahihi na upendo uliowafanya watazamaji wengi washangae walipolijua jina lake halisi. Mary Khavere, aliyeigiza mkewe kwa jina la Mama Kayai, naye ni Mluhya. Katika nchi ambayo siasa zake zimegawanya watu kwa makabila mara nyingi mno, ni jambo zito kwamba ndoa iliyojulikana kuliko zote kwenye runinga ilikuwa ya Wajaluo wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa Mjaluo. Wapo wanaoona kuwa vichekesho vya lafudhi huwadhalilisha watu, na hoja hiyo ina uzito pale mcheshi anapokuwa mgeni anayedhihaki. Lakini katika vipindi hivi kila lafudhi ilipata zamu yake ya kuchekwa na zamu yake ya kushinda. Mpangaji wa Kitengela anayeishi kwenye ploti moja na majirani wa lugha tano alikuwa amekwisha kuizoea sauti ya kila mmoja wao tangu utotoni.

Serikali na wafadhili nao waliitambua nguvu hiyo. Mwaka 1987 ulirushwa mchezo wa mfululizo ulioitwa Tushauriane, uliokusudiwa kuhamasisha uzazi wa mpango, na ambao ulijengwa kwa mbinu ya Miguel Sabido, mtayarishaji wa Mexico aliyegundua kwamba watazamaji hubadili mwenendo kwa kumfuata mhusika anayehangaika na kubadilika kuliko kwa kuhutubiwa. Redioni mchezo wa aina hiyo ulikuwa Ushikwapo Shikamana. Mexico ilirudi tena katika miaka ya 1990 kwa njia isiyo na mafunzo yoyote, KBC ilipoonyesha tamthilia ya mapenzi yenye Verónica Castro, iliyojulikana kwa jina la The Rich Also Cry, na mkondo wa tamthilia za Amerika ya Kilatini ukafunguka usifungike tena.

Kuanzishwa kwa KTN mwaka 1990, kituo cha kwanza cha binafsi, kulikuwa mwisho wa chaneli moja, ingawa kwa Kajiado mwisho huo ulikawia kwa kuwa mawimbi ya kituo hicho yalianzia Nairobi. Catherine Kasavuli akasoma habari moja kwa moja, na mwishoni mwa muongo huo kundi la vichekesho la Redykyulass likathubutu kumwigiza rais aliyekuwa bado madarakani. Kisha, baada ya katikati ya miaka ya 2000, kituo cha Citizen kiliwarudisha watazamaji kwenye michezo ya nyumbani kwa Tahidi High, iliyohusu maisha ya wanafunzi wa sekondari, na Papa Shirandula, ambamo Charles Bukeko aliigiza bawabu anayemficha mkewe kazi yake na kumfanya aamini kuwa yeye ni mfanyakazi wa ofisini. Mhusika huyo alikuwa na maana ya pekee katika mji unaolala mabawabu, wafumaji na wapakizi wa viwandani, wengi wao wakiwa wamewaacha jamaa mashambani wanaoamini kwamba maisha ya karibu na Nairobi ni mepesi. Wakati huohuo, vibanda vya video, yaani vyumba vya mabati vilivyotoza ada ndogo kuonyesha filamu, vilimpa umaarufu DJ Afro, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani juu ya sauti za waigizaji.

Katika hazina yote hii kuna upungufu usiostahili kufichwa: Kajiado yenyewe haikuonekana sana. Ndovu wa Amboseli, ambao Cynthia Moss alianza kuwachunguza mwaka 1972, walifika sebuleni mwa Waingereza katika miaka ya 1990 kupitia filamu za BBC kuhusu ndovu jike aliyeitwa Echo, aliyefariki mwaka 2009, ilhali Mmaasai katika michezo ya Nairobi mara nyingi alikuwa bawabu mwenye rungu au mapambo ya mandhari, na mara chache sana mtu mwenye kisa chake. Sauti ya Kimaa, lugha ya Wamaasai, ilipata makao yake redioni zaidi, ikiwemo Nosim FM ya KBC, kuliko kwenye runinga.

Mwezi Februari 2015, katika mzozo kuhusu kuhama kutoka mfumo wa analogi kwenda dijitali, vituo vikubwa vya binafsi vilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu, na matangazo yaliporejea kila nyumba ilihitaji king'amuzi, kifaa cha kutafsiri mawimbi mapya kuwa picha. Runinga ndogo za betri zikawekwa stoo au zikauzwa kwa vyuma chakavu. Mzee Ojwang alifariki tarehe 12 Julai mwaka huohuo. Bukeko alifuata Julai 2020, Kasavuli Desemba 2022, na Leonard Mambo Mbotela, aliyeendesha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? tangu 1966, Februari 2025. Chaneli sasa ni nyingi kiasi kwamba watoto wawili wa ploti moja Noonkopir wanaweza kukua bila kuwahi kutazama kipindi kimoja.

Waigizaji hao wanapoondoka, kinachobaki ni kanda na vichwa vya watazamaji, na vyote viwili huharibika. Vipande vya Vitimbi na Vioja Mahakamani vinavyosambazwa kwenye intaneti ni vichache vikilinganishwa na miaka ambayo vipindi hivyo vilidumu, navyo havina tarehe wala majina ya waandishi na wapiga picha. KBC ina wajibu wa kuzifungua na kuzinakili kanda zake za zamani kwa manufaa ya umma, na maktaba na shule za Kajiado zinaweza, bila kusubiri fedha za mtu, kuwarekodi wazee wanaokumbuka runinga ya kwanza ya kijiji chao ilikuwa kwa nani, betri ilichajiwa wapi na nani alikuwa akigeuza antena. Msomaji mwenye mzazi wa umri huo amwulize mwaka huu, na ayaandike majibu pamoja na majina na miaka.