Coke wa Norfolk na Sifa za Mtu Mmoja

Sifa ni mali, na kama mali nyingine yaweza kupatikana kwa jasho, kwa urithi, au kwa kuchukua haki ya wengine. Mwandishi wa historia, basi, anapokuta mtu amesifiwa sana, yampasa aulize sifa ile imetoka wapi. Maisha ya Thomas William Coke, kabaila wa Uingereza aliyejulikana kwa jina la Coke wa Norfolk, yanafaa kupimwa kwa swali hilo.

Alizaliwa katika mwaka wa 1754. Baba yake alipofariki mwaka wa 1776, kijana huyu, hajatimiza bado umri wa miaka 22, alirithi eka zipatazo 30,000 katika jimbo la Norfolk, pamoja na jumba kubwa la Holkham, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka wa 1734 ukachukua miaka ipatayo 30. Mwanzo wa utajiri huo ulikuwa ni Sir Edward Coke, jaji mkuu wa zama za Mfalme James wa Kwanza. Mwaka ule ule wa urithi alichaguliwa kuwa mbunge wa Norfolk, na ukiondoa vipindi vichache, alikaa Bungeni mpaka mwaka wa 1832.

Katika siasa alikuwa mfuasi wa chama cha Whig na rafiki wa Charles James Fox. Alipinga vita vya serikali yake juu ya makoloni ya Marekani, na katika uzee wake aliunga mkono mageuzi ya uchaguzi ya mwaka wa 1832. Lakini mwaka wa 1815 alikuwa upande wa Sheria ya Nafaka, iliyozuia ngano ya kigeni isiuzwe nchini mpaka bei ya ngano ya nyumbani ifike shilingi 80 kwa kipimo chao kiitwacho kwota. Umati wa watu ulimshambulia mjini Norwich kwa sababu ya sheria hiyo. Ndivyo ilivyokuwa: aliyetetea haki ya watu wa ng'ambo ya bahari aliridhia mkate uwe ghali kwa maskini wa nchini mwake, maana ngano ghali ilikuwa kodi nono kwa mwenye ardhi.

Hata hivyo, jina lake halikukuzwa na siasa bali na kilimo. Katika mwaka wa 1817 Edward Rigby, tabibu wa Norwich, alitoa kitabu cha kukisifu kilimo cha Holkham. Mwaka wa 1908 A. M. W. Stirling, kitukuu cha Coke, aliandika habari za maisha yake. Sifa zikaota mizizi. Ikasemwa kwamba alikuta mchanga mtupu usiozaa ngano, akaugeuza kuwa bustani, na kwamba kodi ya ardhi yake ilipanda kutoka pauni 2,200 mpaka zaidi ya pauni 20,000. Methali yetu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa waliotia maji ni wenye kusifu.

Mwaka wa 1975 mwanahistoria R. A. C. Parker alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa daftari za hesabu za Holkham. Daftari hizo hazikuafiki hadithi. Kodi ya Norfolk mwaka wa 1776 ilikuwa imekwisha kuzidi pauni 10,000. Kuzungusha mazao shambani, yaani ngano, tanipu, shayiri na majani ya malisho kwa zamu. Kutia udongo wa chokaa katika mchanga. Kukodisha mashamba kwa mikataba ya miaka mingi ili mpangaji asiogope kutumia fedha zake: hayo yote yalikuwapo tangu siku za Thomas Coke, mwenye jumba aliyefariki mwaka wa 1759. Na walioyatenda hasa walikuwa wapangaji.

Je, Coke hana lake? Analo. Aliendeleza jema alilolikuta, jambo ambalo warithi wengi hawaliwezi. Alieneza kondoo wa Southdown. Kila mwaka, mpaka mwaka wa 1821, alikusanya wakulima na wageni kwake wakati wa kukata manyoya ya kondoo, wakatazama mashamba na kubishana juu ya mbegu na mifugo. Maarifa yaliyokuwa ya jirani kwa jirani yakatembea mbali. Huo ni utumishi mkubwa, lakini ni utumishi wa mtangazaji, si wa mwanzilishi.

Tena wapo ambao sifa haikuwafikia kabisa. Katika mwaka wa 1830 vibarua wa Norfolk, kama wenzao wa majimbo mengine, walivunja mashine za kupura nafaka, kwa kuwa kupura kwa mkono ndiko kulikowapa ujira wakati wa baridi. Bustani iliyosifiwa vitabuni ilikuwa na njaa ndani yake.

Coke alipewa cheo cha Earl wa Leicester mwaka wa 1837, akafariki mwaka wa 1842. Wapangaji walichanga fedha wakamjengea nguzo ya futi 120, yenye mganda wa ngano kileleni, na sanamu za ng'ombe, kondoo, plau na mashine ya kupandia mbegu katika pembe zake. Wenye kazi walilipia ukumbusho wa mwenye ardhi. Mwanafunzi wa historia hana haja ya kuibomoa nguzo hiyo, kwa kuwa shukrani yao ilikuwa ya kweli. Lililo juu yake ni kusoma daftari pamoja na nguzo, na kumrudishia kila mtu sehemu yake.