Helmeti ya Baiskeli: Ilikotoka, na Jinsi Mama Atakavyoichagua

Leo tunazungumzia kitu ambacho wazazi wengi hukiona kama pambo la vijana tu, yaani helmeti ya baiskeli.

Pengine una kijana nyumbani aliyejipatia baiskeli ya mbio, ile yenye magurudumu membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Kila Jumamosi alfajiri hutoka na wenzake wakashika barabara kuu. Sasa amekuomba pesa za helmeti. Umeuliza bei, ukaonyeshwa moja inayolingana na bei ya viatu vya shule, na nyingine inayokaribia karo ya muhula. Unajiuliza, “Nikinunua hii ya bei nafuu, je, nitakuwa nimemnyima mwanangu usalama?”

Swali hilo ni zuri, mama. Jibu lake tutalipata tukifuata historia ya helmeti yenyewe.

Zamani za kofia za ngozi

Katika miaka ya 1880 kulikuwa na baiskeli huko Ulaya na Marekani zilizokuwa na gurudumu kubwa sana mbele na dogo nyuma. Mwendeshaji alikaa juu kabisa. Gurudumu likigonga jiwe, alirushwa akatangulia kwa kichwa. Baadhi yao walianza kuvaa kofia ngumu nyepesi, za namna ile iliyovaliwa na wakoloni katika nchi za joto. Baadaye waendeshaji wa mashindano walivaa kofia za vipande vya ngozi vilivyotiwa pamba ndani. Zilipitisha upepo vizuri na kuzuia michubuko. Lakini kichwa kilipogonga barabara kwa nguvu, ngozi ile haikuusaidia sana ubongo.

Kwa nini? Ubongo ni laini, nao umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na maji. Mtu akianguka, fuvu husimama ghafla linapogonga lami, lakini ubongo ungali na mwendo. Fikiria abiria wa matatu asiyefunga mkanda wakati dereva anapopiga breki kali. Hivyo ndivyo ubongo unavyojibamiza ndani ya fuvu. Kinachohitajika ni kitu cha kupunguza mwendo huo kidogo kidogo.

Kifo kilichomgusa daktari

Mnamo Mei 1935, Mwingereza T. E. Lawrence, aliyejulikana kama Lawrence wa Arabia, alikuwa akiendesha pikipiki karibu na nyumbani kwake Dorset, Uingereza. Mbele yake walikuwako wavulana wawili wa baiskeli. Alipojaribu kuwakwepa, akaanguka. Hakuwa na helmeti. Alilala siku sita, kisha akafariki.

Miongoni mwa madaktari walioitwa kumhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Baadaye Cairns alifanya uchunguzi juu ya waendesha pikipiki walioumia kichwa. Mwaka 1941 alichapisha maandishi akieleza kwamba helmeti hupunguza ukali wa majeraha hayo. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, jeshi la Uingereza likawaamuru wapeleka ujumbe wake wa pikipiki wavae helmeti. Kifo cha mtu mmoja kilikuwa kimeanza kuokoa wengine.

Povu linalookoa

Mwaka 1953 huko Marekani, Charles Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walipata hataza ya helmeti ya namna mpya. Nje ilikuwa na gamba gumu, na ndani tabaka nene lililokubali kubonyea ili limeze nguvu ya kishindo. Helmeti za kisasa zinafuata wazo hilo.

Mwaka 1956 dereva wa magari ya mbio, William Snell, alikufa kwa jeraha la kichwa ingawa alikuwa amevaa helmeti. Mwaka uliofuata rafiki zake walianzisha taasisi ya kupima helmeti, kwa maana walitambua kuwa si kila kinachoitwa helmeti kinalinda kichwa.

Waendesha baiskeli walisubiri zaidi. Ni mwaka 1975 ambapo kampuni ya Bell ya California ilitoa helmeti ya baiskeli yenye povu gumu jeupe ndani, kama lile linalozuia televisheni isivunjike ndani ya katoni. Mama, povu hilo ndilo linalookoa. Kichwa kinapogonga, povu hubonyea na kupasuka badala ya fuvu.

Baadaye nchi mbalimbali ziliweka vipimo. Ulaya wana alama ya EN 1078, iliyoanza mwaka 1997. Marekani wana CPSC, iliyoanza kutumika kisheria mwaka 1999. Australia na New Zealand wana AS/NZS 2063. Katika majaribio, helmeti huvalishwa kichwa cha bandia na kuangushwa juu ya chuma. Kwa kipimo cha Ulaya huanguka kutoka kimo cha mita 1.5 hivi, na kwa kile cha Marekani mita 2.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako. Helmeti ya bei nafuu na ile ya bei ghali, zikiwa kweli zimepata alama moja, zimefaulu mtihani mmoja. Pesa za ziada mara nyingi hununua wepesi, matundu mengi ya hewa na jina la kampuni. Nyingine zina utando wa ndani unaoteleza ili kupunguza msokoto wa ubongo, wazo lililokuzwa na wataalamu wa Stockholm, Uswidi, kuanzia miaka ya 1990. Ukiwa na uwezo ni sawa. Usipokuwa nao, usijilaumu.

Waliokataa kwa sababu ya joto

Huenda ukadhani kwamba helmeti ilipopatikana kila mtu aliivaa. La, hasha. Mwaka 1991 chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kilipotaka kuwalazimisha waendeshaji kuvaa helmeti, waligoma katika mashindano ya Paris–Nice huko Ufaransa. Walilalamikia joto na usumbufu milimani. Sheria ikaregezwa.

Mwaka 1995, Fabio Casartelli wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa 1992, alianguka akiteremka mlima katika Tour de France, akafa. Hakuwa na helmeti. Mwezi wa Machi 2003, Andrei Kivilev wa Kazakhstan, mwenye umri wa miaka 29, alianguka katika mashindano yaleyale ya Paris–Nice, naye akafa kesho yake. Hakuwa na helmeti. Ndipo mwezi wa Mei 2003 UCI ikaifanya kuwa lazima.

Kwa raia wa kawaida, jimbo la Victoria huko Australia lilitangulia duniani, likaweka sheria tarehe 1 Julai 1990. Na mwaka 2016 wataalamu wa Australia, Olivier na Creighton, walijumlisha tafiti 40 kuhusu watu zaidi ya 64,000 walioumia kwa baiskeli. Waliona kwamba helmeti ilipunguza uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa kwa karibu asilimia 69.

Mama, ikiwa mabingwa wa dunia waliacha helmeti kwa sababu ya joto na kero, mwanao je? Helmeti inayombana ataivaa mpaka kwenye kona ya kwanza, kisha ataining'iniza kwenye usukani. Kwa hiyo helmeti inayokaa vizuri kichwani ni jambo la usalama pia.

Hapa kwetu

Hapa Kenya baiskeli ni ndugu wa zamani. Neno boda boda lenyewe lilianza na baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia. Black Mamba ya babu ilikuwa na keria, kengele na pampu, lakini helmeti haikuwamo. Kwa hiyo wengi wetu tulikua bila kuiona. Siku hizi vijana wanaenda mbio zaidi, nayo magari yameongezeka.

Unapokwenda kununua, fanya hivi:

1. Pima kichwa kwa tepu ya fundi wa nguo, upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Kama ni binti mwenye nywele za kusuka, mpime na mtindo atakaokuwa nao barabarani. Fundo kubwa kisogoni huisukuma helmeti mbele. Kama anajifunika kichwa, achague kitambaa chepesi kisicho na pini wala fundo.

2. Nenda na kijana mwenyewe. Usinunue kubwa ili aikulie kama sweta ya shule. Helmeti iliyolegea huhama siku ya kuanguka.

3. Tafuta alama ndani yake: EN 1078, CPSC au AS/NZS 2063.

4. Ivalishwe ikiwa imelala sawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Isiegemee kisogoni. Kabla ya kufunga mikanda, atikise kichwa. Ikicheza, kaza gurudumu dogo la nyuma au jaribu saizi nyingine.

5. Mikanda ikutane chini ya kila sikio kama herufi V. Chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Akipiga miayo, aisikie helmeti ikivutwa chini kidogo.

6. Akae nayo dukani dakika kumi. Ikimwachia alama nyekundu kipajini au maumivu pembeni, hiyo si ya umbo la kichwa chake, hata kama ni ya bei ghali.

Jihadhari na mtumba. Helmeti iliyowahi kuanguka inaweza kuonekana nzuri kwa nje huku povu limepasuka. Kama pesa ni kidogo, mpya ya bei nafuu yenye alama ni afadhali kuliko ya fahari usiyojua ilikotoka. Wala usichukue kofia ya mjenzi, maana hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyoanguka kutoka juu. Na helmeti ya baiskeli haifai kwa abiria wa pikipiki.

Ioshe kwa maji na sabuni isiyo kali, na sponji za ndani zianikwe kivulini. Isifutwe kwa petroli wala kupakwa rangi. Akianguka nayo kwa kishindo, itupwe, kwa sababu imekwisha kufanya kazi yake. Mtoto mdogo aivue kabla ya kupanda miti, mkanda usije ukamnyonga. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asibebwe kwenye baiskeli, kwani shingo yake bado ni changa.

Mwisho, helmeti haizuii mguu kuvunjika, wala haisimamishi lori. Kijana bado anahitaji breki nzuri, taa na adabu ya barabarani. Na mtu akigonga kichwa, hata kama alikuwa na helmeti, kisha akatapika, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa au kichwa kikazidi kumuuma, mpeleke hospitali mara moja. Usimwache alale ukisubiri asubuhi.

Basi mama, usione haya kuchukua ile ya bei ya viatu vya shule. Mradi ina alama, imemkaa sawasawa na anaivaa kila anapotoka, umemtendea mwanao haki.