Ritifaa ya Nyanza: kutoka mashine ya chapa ya Gendia hadi faili la zip

Majina mengi ya ukingo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya hayakamiliki bila alama moja ndogo, ritifaa. Nyang'oma Kogelo ndicho kijiji cha Siaya ambacho waandishi wa habari kutoka pembe zote za dunia walikimbilia mwaka wa 2008, Barack Obama alipogombea na kushinda urais wa Marekani. Jaramogi Oginga Odinga alizikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo, mwaka wa 1994. Gavana aliyechaguliwa Kisumu mwaka wa 2017, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, ana ritifaa mbili. Kama ilivyo katika ng'ombe na ngoma, ukiiondoa alama hiyo umebadilisha sauti, na pengine jina lenyewe.

Mwaka wa 1906 Mmisionari Arthur Carscallen kutoka Kanada, akiwa na Peter Nyambo wa Nyasaland, alifungua misheni ya Wasabato Gendia, karibu na Kendu Bay. Mwaka huohuo Waanglikana walianzisha shule Maseno. Watoto wakahitaji vitabu, na vitabu vikahitaji tahajia. Mwaka wa 1913 Carscallen alipata mashine ndogo ya kupiga chapa, Gendia ikaanza kujichapishia maandishi yake.

Tahajia yenyewe ilikuwa bado haijatulia. Kitabu cha sarufi kilichotoka mwaka wa 1910 kiliitaja lugha ya Wajaluo kwenye jalada kama Dhö Lwo, o ikiwa na nukta mbili juu. Leo nukta hizo hazipo tena. Watu huandika Dholuo, basi. Kwa sauti ya ng', taasisi ya lugha za Kiafrika iliyoundwa London mwaka wa 1926 ilipendekeza herufi mpya kabisa, ŋ. Ng'ambo ya ziwa, tahajia rasmi ya Kiganda ya mwaka wa 1947 iliikubali. Upande wa Kisumu, kama katika Kiswahili, watu walibaki na ng'. Uamuzi huo ulikuwa na faida kubwa: kila taipureta, iwe ya shule, ya kanisa au ya ofisi ya DC, ilikuwa na ritifaa tayari.

Kompyuta zilipokuja, faida hiyo iliendelea. Orodha ya herufi ya ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka wa 1963, iliipa ritifaa iliyonyooka namba 39, na orodha nyingi zilizofuata ziliiacha palepale. Mojawapo ilikuwa ile ya kompyuta ya IBM ya mwaka wa 1981, inayojulikana kwa namba 437. Mwaka wa 1989 Phil Katz wa Milwaukee alitoa muundo wa zip, unaobana mafaili mengi kuwa moja. Ndani yake jina la kila faili lilihifadhiwa kama mfululizo wa namba, na ilichukuliwa kwamba namba hizo zingesomwa kwa orodha ya 437. Watengenezaji wengi wa programu walitumia orodha za mashine zao wenyewe, na muundo haukuwa na mahali pa kueleza ni orodha ipi iliyotumika. Hata hivyo, Nyang'oma yenye ritifaa iliyonyooka ilipita salama kila mahali.

Shida ililetwa na urembo. Programu za kuandikia zilianza kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, ’, ambayo haimo kabisa katika orodha ya 437. Mtu akinakili jina kutoka ndani ya waraka na kulibandika kuwa jina la faili, ritifaa iliyopinda huenda nalo. Windows za zamani zilikataa kulibana faili la namna hiyo. Programu ya Mac ililibana, lakini kwa miaka mingi iliandika majina kwa UTF-8, mfumo wa namba unaobeba herufi za lugha nyingi, bila kusema hivyo. Katika UTF-8 alama hiyo huchukua baiti tatu, na programu inayozisoma kwa orodha ya 437 huona herufi tatu: Nyang’oma hutokea kama NyangΓÇÖoma. Kwa njia hiyohiyo ŋ ya Kiganda huwa ┼ï, na Dhö ya mwaka wa 1910 huwa Dh├╢.

Tiba rasmi ilikuja mwaka wa 2006, pale maelezo ya muundo wa zip yalipotenga biti ya 11 katika taarifa za kila faili. Ikiwashwa, msomaji anajua kwamba jina limeandikwa kwa UTF-8. Mafaili ya zip yaliyotengenezwa kabla ya hapo hayana ishara hiyo, na hata mengi ya baadaye hayana. Anayeyafungua hulazimika kuiambia programu yake isome kwa orodha gani.

Tofauti moja hapa ina uzito kwa shule, parokia na ofisi za kaunti zinazohamishia kumbukumbu zao kwenye kompyuta. NyangΓÇÖoma inatisha kwa macho, lakini hakuna kilichopotea: baiti ni zilezile, na zikisomwa kwa orodha sahihi jina hurudi kamili. Anayechoshwa na vurugu hizo akafuta ritifaa na kuandika Nyangoma ameharibu zaidi, kwa kuwa hakuna programu itakayojua baadaye kama sauti ilikuwa ng au ng'. Njia salama ni kuchagua ritifaa moja, ile iliyonyooka, na kuitumia katika kila jina la faili, kwa sababu kompyuta inaweza kuihesabu iliyopinda kuwa alama nyingine, na anayetafuta Nyang'oma kwa alama moja akakosa mafaili yaliyoandikwa kwa nyingine.