Mchwa na Kimya cha Muuzaji

Wengi wetu huku Marekani tumeshaanza kununua nyumba, basi naomba tuitazame kidogo historia ya kimya cha muuzaji.

Mwaka 1938, huko Massachusetts, Bwana Swinton alinunua nyumba kwa benki. Mwaka 1940 akagundua inaliwa na mchwa. Akashtaki, na mwaka 1942 mahakama kuu ya jimbo ikamtoa mikono mitupu: hata kama benki ilijua, haikusema uongo, ilinyamaza tu.

Sie tuliopita chuoni tunashangaa, maana fiqhi ilishakata zamani: anayejua aibu ya kitu chake lazima aiseme, na mnunuzi ana khiyari ya kurudisha na kupewa pesa zake, mradi asichelewe.

Polepole mahakama za Marekani nazo zikaelekea huko huko. Mwaka 1960, jimbo la Washington, mchwa tena. Safari hii waliouza na kunyamaza wakatozwa fidia. Mwaka 1985, Florida, paa lilivuja, na mahakama ikasema anayeijua kasoro iliyofichika ni lazima aitaje. Wanunuzi wakarudishiwa arubuni yao yote.

Ila jamani, si majimbo yote. Alabama, kwa nyumba iliyokwisha kukaliwa, mzigo bado ni wa mnunuzi. Kwa hiyo ulizeni maswali mahsusi, tena kwa maandishi, kabla ya kutia saini. Akijibu uongo mna pa kumshikia. Na kasoro ikidhihiri msikae nayo, muda wa kushtaki una mwisho.

Wasalaam.