Saa na tarehe: hesabu ya Kiswahili katika maktaba za programu

saa nm [i-/zi-] 1 chombo cha kupimia wakati. 2 muda wa dakika 60. 3 wakati wa siku unaotajwa kwa nambari: *saa mbili asubuhi*.

Makala haya yanahusu maana ya pili na ya tatu, na namna zinavyochukuliwa na maktaba za tarehe na saa katika lugha mbalimbali za programu. Yamekusudiwa hasa wafasiri wa programu za simu na tovuti.

Chanzo cha utata

Kiswahili huhesabu saa za mchana kuanzia mapambazuko na saa za usiku kuanzia machweo. Gando, wilayani Wete, kisiwani Pemba, ipo takriban digrii 5 kusini mwa ikweta; jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, na hesabu hiyo hailegei kwa msimu wowote. Kompyuta huanza kuhesabu saa sita usiku. Tofauti ya nambari ni sita.

Tuseme mzazi wa Gando anapokea ujumbe katika simu: *Mlete mtoto kliniki kesho saa 08:00*. Aliyeutunga alikusudia saa mbili asubuhi. Mzazi anasoma saa nane, na kwa kuwa kliniki haifunguliwi usiku, anaelewa saa nane mchana. Anachelewa kwa muda wa saa sita, na siku ya chanjo imempita.

Ujumbe kama huo hauhitaji mwandishi mzembe. Moment.js, maktaba ya lugha ya JavaScript, ina faili ya Kiswahili inayoweka maneno *leo saa* na *kesho saa* mbele ya nambari ya kompyuta bila kuibadili nambari yenyewe. Watunzaji wake walitangaza mwaka 2020 kuwa haitaongezewa mambo mapya, lakini ingali inatumika. Maneno hayo ni ya Kiswahili; cha kigeni ni hesabu.

Maktaba kwa kulinganisha

*Java.* Maktaba ya java.time, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014, hutenganisha dhana kwa majina: Instant ni nukta moja ya wakati duniani kote, LocalTime ni saa ya ukutani, Duration ni muda unaopita.

*Python.* Moduli ya datetime ina mgawanyo unaokaribiana na huo: time kwa saa ya ukutani, timedelta kwa muda. Toleo la 3.9 la mwaka 2020 liliongeza zoneinfo kwa ajili ya kanda za saa.

*JavaScript.* Aina ya Date hubeba mambo yote pamoja, na huhesabu miezi kuanzia 0, hivyo Januari ni 0 na Desemba ni 11. Temporal imebuniwa ili kurekebisha kasoro hizo kwa kutenga saa ya ukutani na muda.

*Go.* Muundo wa tarehe huandikwa kwa kielelezo cha 2 Januari 2006, saa 15:04:05 kwa hesabu ya kompyuta. Maktaba yake ya msingi hutoa majina ya miezi na siku kwa Kiingereza tu.

Maktaba nyingi huchota majina ya Kiswahili kutoka CLDR, hazina ya data za lugha inayotunzwa na Unicode. Humo mna majina ya miezi, ya siku, na ya vipindi kama *alfajiri*, *asubuhi*, *mchana*, *jioni* na *usiku*. Hata hivyo, alama zake nne za saa, yaani H, h, K na k, zote huhesabu kuanzia saa sita za usiku au za mchana. Hakuna alama ya kuhesabu kuanzia mapambazuko. Waamhara wa Ethiopia, ambao nao huhesabu saa kwa mapambazuko, wamo katika hali hiyo hiyo.

Makosa ya kuepukwa

1. *Kuigeuza tofauti ya nambari kuwa ukanda wa saa.* Zanzibar hutumia jina Africa/Dar_es_Salaam, saa tatu mbele ya UTC. Baadhi ya waandishi wa programu huweka ukanda wa saa tatu nyuma ya UTC ili nambari zipungue kwa sita. Nambari hutoka sahihi, lakini tarehe huharibika: 01:00 ya Jumatano huwa 19:00 ya Jumanne, na skrini huonyesha *Jumanne, saa 7 usiku*. Usemi ulio wazi ni *saa 7 usiku wa kuamkia Jumatano*.

2. *Kubadili muda.* *Atakuja saa mbili* hutaja wakati. *Atasubiri saa mbili* huweza kutaja muda. Cha kwanza hubadilishwa, cha pili hakiguswi. Hapa mgawanyo wa LocalTime na Duration humfaa mfasiri kuliko sentensi yenyewe. Pale muktadha unapokosekana, iandikwe *kwa muda wa saa mbili*.

3. *Kuamini nambari iliyomo ndani ya jina la siku.* Jumatatu ni siku ya tatu kwa hesabu ya jina lake, inayoanzia Jumamosi. Katika DayOfWeek ya Java ni 1. Katika weekday ya Python ni 0. Katika getDay ya JavaScript ni 1, kwa kuwa Jumapili ni 0.

Matumizi yanayopendekezwa

Wakati uhifadhiwe kwa hesabu ya kompyuta, na ubadilishwe pale tu unapoonyeshwa kwa msomaji. Saa ya kompyuta iongezwe 6, jumla igawanywe kwa 12, na baki lichukuliwe. Baki likiwa 0, isomwe 12. Mfano: 8 + 6 = 14, baki 2; 18 + 6 = 24, baki 0, yaani saa 12. Kipindi cha siku kichaguliwe kwa kuangalia saa ya awali, kabla ya kubadilishwa, na tarehe isiguswe.

Neno *saa* likitangulia nambari, msomaji hutarajia hesabu ya Kiswahili. Anayelazimika kubakiza hesabu ya kompyuta, kama katika tiketi za ndege, aliondoe neno hilo.

✗ *Kesho saa 08:00*
✓ *Kesho saa 2:00 asubuhi*
✓ *Kuondoka: 08:00*

Linganisha: wakati, muda, majira, kuamkia.