Insha ya Binti na Sonata ya Rebecca Clarke

Kaseti ile nilipewa na jirani yangu wa Karatu, dereva wa watalii. Wageni wake waliisahau garini waliporudi kutoka kreta ya Ngorongoro, na yeye muziki usio na ngoma haumwingii. Nikaisikiliza jioni moja ya Julai, ukungu wa mlimani umetuteremkia hadi madirishani.

Ilikuwa sonata ya viola na piano ya Mwingereza Rebecca Clarke, iliyotungwa mwaka 1919. Viola ni dada mkubwa wa fidla: umbo limezidi kidogo, sauti nzito, kama ya mama anayekanya bila kupaza. Watunzi wengi wa zamani waliiachia kazi ya kujaza katikati tu. Clarke aliijua kwa mikono yake, maana ndiyo iliyomlisha. Mwaka 1912 alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuajiriwa katika okestra ya Queen's Hall, London.

Sonata hiyo aliiingiza katika mashindano ya Elizabeth Sprague Coolidge huko Marekani. Kazi zaidi ya 70 zilipokewa, majina ya watunzi yamefichwa. Waamuzi sita wakagawanyika, watatu kwake, watatu kwa Ernest Bloch. Mama Coolidge akakata shauri: Bloch. Ilipojulikana kuwa wa pili ni mwanamke, wako waliokataa kusadiki. Wakanong'ona kwamba Rebecca Clarke ni jina la bandia, pengine la Bloch mwenyewe.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kosa langu. Miaka ya nyuma, nikisahihisha insha za kidato cha pili, nilikuta moja juu ya kuchota maji alfajiri, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Ilikuwa ya binti wa Kiiraqw, mkimya, wa dawati la nyuma. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Nani kakuandikia?" Nikampa sifuri. Hakubisha. Insha zake zilizofuata zilikuwa za kupita tu.

Clarke naye alitunga kidogo baada ya miaka ya 1920, ingawa sisemi ni uvumi ule uliomnyamazisha. Mwaka 1976, alipotimiza miaka 90, redio moja ya New York ilirusha muziki wake, ndipo watu wakaanza kumtafuta. Alifariki mwaka 1979.

Yule binti nilimkuta siku ya mnada, mtoto mgongoni, anauza vitunguu vya Mang'ola.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikamwitikia, kisha nikamwuliza kama bado anaandika.

"Madeni ya wateja tu," akasema, akaniongezea vitunguu viwili.